Mguu Wangu Si Uvivu, Kocha

Wacha niseme hii mapema ndio wale wa kukasirika waanze sasa. Makocha wa mtandaoni wanaowaambia wanawake wenye lipedema kwamba miguu yao itayeyuka wakitoka jasho vya kutosha, wanauza uongo. Na wale wanaowaambia wanawake hao hao kwamba kwa kuwa miguu haitayeyuka basi mazoezi ni kujisumbua bure, nao wanauza uongo. Uongo wa kwanza unakula pesa yako. Wa pili unakula magoti yako. Nimechoka na pande zote mbili, na leo nazishughulikia moja baada ya nyingine.

Kwanza tuelewane ni kitu gani hiki, maana kila nikiweka video ya miguu yangu nusu ya watu hawajawahi kusikia hilo jina.

Lipedema ni ugonjwa wa mafuta ya chini ya ngozi. Yanajikusanya kwenye nyonga, mapaja na miguu, pengine na mikono, pande zote mbili sawasawa, halafu yanakoma ghafla kwenye kifundo kama vile umevaa suruali yenye mpira chini. Nyayo zinabaki kawaida. Ukibonyeza panauma. Ukigongwa kidogo tu na mlango wa tuktuk, kesho una alama nyeusi ya damu kuvilia na hata hukumbuki uligongwa lini. Unawapata karibu wanawake peke yao, na mara nyingi unaanza ama unazidi wakati homoni zinabadilika: kubalehe, ujauzito, ukomo wa hedhi. Mara nyingi unatembea ndani ya familia. Hebu chukua picha ya harusi ya zamani uangalie miguu ya nyanyako na shangazi zako, pengine utaona kitu.

Na si matende. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu huku kwetu Pwani, kutoka Kwale hadi Kilifi, Tana River na Lamu, matende tunayajua. Yale yanaletwa na minyoo wanaosambazwa na mbu, wanaharibu mishipa ya limfu, na mara nyingi mguu mmoja unavimba kushinda mwenzake, wayo nao ukiwemo. Kwa hivyo jirani akiona miguu yangu anamaliza uchunguzi akiwa bado amesimama mlangoni: "Mwanangu, hayo ni matende, nenda ukapewe dawa." Mama, shikamoo yako naiheshimu, lakini angalia nyayo zangu. Ziko sawa. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Sasa, kitu kinachoniudhi zaidi. Msichana akiwa na miaka 17, miguu hii hii inasifiwa. "Mguu wa bia!" Vijana wa bodaboda wanapiga honi. Hakuna anayemuuliza kama inamuuma akikaa darasani mchana kutwa. Akifika 25, miguu ikaongezeka, sifa inageuka shtaka: huyu anakula sana, huyu ni mvivu, huyu hajipendi. Ugonjwa ni ule ule, miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni wanaotazama tu.

Hapo ndipo kocha anaingia na simu yake na taa yake ya duara.

Nawajua hawa watu kwa sababu niliwalipa. Mwaka juzi nilijiandikisha kwenye jimu moja hapa Mombasa, sitaitaja. Siku ya kwanza kocha akaniomba anipige picha, mbele, nyuma, ubavu. Akasema nitakuwa "kabla na baada" yake bora. Nikafanyishwa kuruka kamba, kuchuchumaa na kuruka juu, kukimbia ngazi, siku 6 kwa wiki. Nikimwambia miguu inauma hadi usiku shuka likinigusa nasikia, ananijibu kwamba uchungu ni udhaifu unatoka mwilini. Miezi 3. Kiuno kikapungua. Uso ukapungua hadi mamangu akaniuliza kama naumwa. Mapaja yakabaki pale pale, yakiwa na alama nyeusi kila mahali. Na yule kocha, badala ya kujiuliza kwa nini mwili mmoja unapungua juu na kukataa chini, akaniuliza mbele ya watu wote: "Niambie ukweli, usiku unakula nini?"

Picha yangu ya "kabla" aliiweka. Ya "baada" mpaka leo hajaiweka.

Kocha, nisikize. Kile ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, juu kupungua na chini kubaki, ndicho kitu ambacho madaktari wamekiandika tangu kabla babu yako hajaoa. Lipedema ilielezewa mara ya kwanza mwaka 1940 na madaktari wawili wa Mayo Clinic kule Minnesota, Marekani: Edgar Allen na Edgar Hines. Zaidi ya miaka 80. Mafuta haya hayafuati hesabu ya kula kidogo na kukimbia sana kama mafuta mengine. Ungekuwa unajua kazi yako, ningekuwa nimepewa jina la ugonjwa wangu siku ya kwanza. Badala yake nilipewa aibu, na risiti.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, udaktari umesomea wapi?" Sijasomea. Chuo niliacha, na kila mtu anayenifuata hapa anajua. Lakini kusoma sikuacha. Na kama kigezo ni karatasi, basi wacha niwape karatasi: Shirika la Afya Duniani limeweka lipedema kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Ina namba yake kabisa, EF02.2. Iandike kwenye simu yako. Ukienda hospitali ukaambiwa "punguza chapati" kabla hujaketi vizuri, toa simu umwonyeshe daktari kwa heshima. Mimi daktari wa kwanza aliniambia maneno hayo hayo ya chapati. Aliyenitambua ni mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole, ambaye alifanya kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa amefanya: alinigusa miguu, akauliza panauma wapi.

Sawa. Hiyo ni upande wa kwanza. Sasa nageukia upande wa pili, na hawa ni dada zangu, kwa hivyo nitasema kwa upole lakini nitasema.

Kuna msemo umeingia kwetu sisi wenye ugonjwa huu: "Mazoezi hayatoi lipedema, kwa hivyo achana nayo, jipende ulivyo." Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni mtego. Ni kama kusema kwa kuwa dawa ya pumu haimalizi pumu, basi itupe. Mtu wa pumu hapumulii hiyo dawa ndio apate mapafu mapya. Anaitumia ndio apumue leo, alale leo, aende kazini kesho.

Mazoezi kwetu yana kazi hiyo hiyo. Wacha nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu mtu akielewa kitu hadanganyiki tena.

Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu, yale majimaji yanayobaki kwenye nyama za mwili na kukusanywa na mishipa yake, haina moyo. Inapandishwa na kujikaza kwa mishipa yenyewe, kwa kupumua kwako, na kwa misuli inayobana na kuachia unapotembea. Msuli wa nyuma ya mguu, ule wa chini ya goti, ni pampu. Ukikaa saa 8 bila kuisogeza, majimaji yanatuama chini, miguu inakuwa mizito kama imejazwa mchanga wenye maji, na jioni inauma. Ukiiendesha hiyo pampu, uzito unapungua. Siongelei uzito wa mizani. Naongelea ule unaousikia mwenyewe ukiinua mguu kupanda matatu.

Cha pili ni magoti. Mapaja yakiwa makubwa kwa ndani, mwendo unabadilika, magoti yanavutwa kuingia ndani, na baada ya miaka mingi yanachakaa. Kinachoyalinda ni misuli ya mapaja na nyonga. Misuli haijengwi kwa kulala. Dada, hiyo "jipende ulivyo" ikikufikisha miaka 45 huwezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono, nani atakuwa amekupenda hapo?

Cha tatu, mtu anaweza kuwa na lipedema na bado akawa na mafuta ya kawaida juu yake. Hayo ya kawaida yanapungua kwa chakula na mazoezi, na yakipungua magoti yanapumua. Kwa hivyo sikubaliani na anayesema kila kilo yako ni ugonjwa, kama vile sikubaliani na anayesema kila kilo yako ni uroho.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe, na hapa watu wa Pwani tuna bahati ambayo hatujui tunayo. Maji.

Ukiingia majini, mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja. Maji yanakubeba: yakikufika kiunoni yamekupunguzia karibu nusu ya uzito wako, yakikufika kifuani miguu yako inabeba karibu theluthi moja tu. Magoti yanashangaa. Na maji yanakubana. Madaktari hupima mbano kwa milimita za zebaki, kama presha. Soksi za kubana za daraja la pili, zile tunaandikiwa mara nyingi, zinabana kati ya 23 na 32. Kwa kina cha mita 1, maji yanakubana kwa takriban 74. Na mbano ni mkubwa chini kuliko juu, kwa hivyo yanasukuma majimaji ya miguuni kuelekea juu, huku pampu yako ikifanya kazi. Hiyo ni soksi ambayo hailipiwi na haichubui.

Na huhitaji kujua kuogelea. Unatembea. Mimi natembea ndani ya maji ya kifuani kule Shelly, kwetu Likoni, na wa ng'ambo wanaweza kwenda Pirates kule Bamburi. Dakika 20, kwenda na kurudi, nainua magoti, napiga teke mbele, ubavu, nyuma. Mara 3 kwa wiki. Angalieni maji yakijaa na yakipwa, msiende peke yenu, na msifuate mkondo. Kama unaona haya, ingia na dera lako ama taiti na fulana. Wamama wetu wameingia baharini na leso tangu enzi, na bahari haijawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya mapaja. Saa kumi na mbili asubuhi utakuta pale wewe, wavuvi, na wazee wawili wanaofundishana kuelea. Hakuna kamera.

"Na sisi wa Nakuru na Kitale tusio na bahari?" Nimeulizwa hili mara nyingi. Tembea mahali pa tambarare, ukiwa na soksi ama taiti ya kubana kama unayo. Anza dakika 10. Wiki ijayo ongeza 2 ama 3. Baiskeli ni nzuri, haigongi magoti. Kuinuka na kuketi kitini bila kushika meza, mara 8, pumzika, tena mara 8, hiyo ni jimu nzima ya mapaja ndani ya jikoni lako. Wewe mama mboga unayesimama kutwa nzima, panda vidole vya miguu ushuke, mara 20 kila saa, mteja akichagua nyanya. Wewe unayekaa ofisini ama mtu wa kuhariri video kama mimi, zungusha vifundo chini ya meza. Kupumua kwa tumbo, polepole, nako ni zoezi, kwa sababu kunavuta limfu kwenda juu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hakuna aliyesema uzifanye zote Jumatatu.

Nyanyua vyuma pia, kama unapenda, lakini anza vyepesi. Kitu ninachokataa ni kuruka-ruka na kupigwa-pigwa kwa ajili ya video ya mtu mwingine. Kanuni ambayo nilipewa na yule dada wa fiziotherapia ndiyo natumia: misuli kuuma kidogo kesho yake ni sawa. Miguu kuuma na kuvimba kuliko jana, na bado hivyo siku ya pili, ni ishara ulizidisha, kwa hivyo punguza, usiache. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa moto, mwekundu, unauma, hiyo usiifanyie mazoezi na usiiulizie mtandaoni. Inaweza kuwa damu imeganda. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Kuna atakayesema naongea hivi kwa sababu sina pesa ya upasuaji. Kweli, sina. Upo upasuaji wa kunyonya mafuta haya, na kuna nchi ambazo zimeamka. Ujerumani, tangu 2020, bima ya umma ilianza kuulipia kwa wanawake walio hatua ya tatu. Nafurahi kwa ajili yao na ningependa siku moja tuujadili hapa kwetu kwa uzito huo huo. Lakini hata anayefanyiwa anatakiwa atembee kabla na atembee baada. Hakuna foleni yoyote, ya upasuaji wala ya pesa, inayokuruhusu kuacha pampu yako izimike ukiwa unasubiri.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na si mengi.

Makocha: mkipata mteja ambaye juu kunapungua na chini kunakataa, miguu inauma ikibonywa na inavilia damu ovyo, acheni kumuuliza anakula nini usiku. Mwambieni akaonwe na mtu wa fiziotherapia, mpeni mazoezi ya maji, ya baiskeli na ya nguvu, na mpime kitu chenye maana. Na msimpige picha. Kama biashara yako haiwezi kusimama bila mapaja ya mtu kabla na baada, hiyo si biashara ya afya.

Madaktari: gusa mguu kwanza. Chapati tutaiongelea baadaye.

Na nyinyi dada zangu: tupeni mizani, ama mtoe betri. Pimeni vitu vingine. Mimi napima kile kilima cha feri hapa Likoni. Mwaka jana nilikuwa nasimama mara 3 nikikipanda, najifanya natafuta simu kwenye pochi ili watu wanipite. Siku hizi napanda bila kusimama, natoa jasho, nahema, lakini nafika juu na wengine. Mapaja yangu ni yale yale. Sentimita sijapoteza hata moja, na siku hizi sijali, kwa sababu usiku nalala na shuka likinigusa halinichomi.

Chagua kilima chako. Inaweza kuwa ngazi za gorofa yenu, njia ya kwenda dukani, ama kucheza wimbo mzima kwenye harusi bila kuketi. Kipime leo, ukipime tena baada ya wiki 6. Halafu njoo hapa chini uniambie umefika wapi, bila picha.

Na kama unamjua kocha mwenye taa ya duara, mtumie hii.